Aliyemwambia fundi bomba kuwa amechelewa jeshi, nina neno naye

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaoandaa ukurasa wa barua. Nimeshika simu kuandika kwa sababu ya barua mbili mlizotoa, ya kwanza ya kijana fundi bomba wa miaka 27 aliyeuliza kama bado ana nafasi ya kuingia jeshini upande wa uhandisi, na ya pili ya msomaji aliyemjibu wiki iliyofuata kwamba asahau, jeshi ni la watoto wa miaka 18, na hata akibahatika kupokelewa atastaafu na V mbili mkononi, yaani koplo, kwa kuwa nyota za begani, yaani uofisa, ni za waliotoka shuleni moja kwa moja. Hiyo ya pili nimeisoma mara tatu na kila mara inaniuma, kwa sababu mimi niliingia depo, kambi ya mafunzo ya askari wapya, nikiwa na miaka 29, nikaanza kuruta kama makuruta wengine wote, na nimestaafu nikiwa meja. Miaka 26 yote nimeitumikia kwenye uhandisi wa medani, yaani madaraja, barabara, maji, baruti na mabomu ya kutegwa ardhini. Huyo kijana amejibiwa na mtu ambaye sidhani kama aliwahi kubeba paneli ya daraja.

Kabla ya jeshi nilikuwa fundi wa kuchomelea. Miaka tisa karakana, trela, matangi ya maji, chasisi za malori, halafu miaka ya mwisho mwisho nikawa kwenye kampuni ya barabara tunatengeneza kalavati na kingo za madaraja madogo. Jeshi likatangaza linataka mafundi wenye vyeti na kwenye tangazo umri ulisogezwa kidogo kwa mafundi tu, nikasoma, nikahesabu miaka yangu, nikaona naingia kwa miezi michache. Nikaenda.

Depo sitaisimulia sana maana depo ni depo, kila aliyepita anaijua. Niseme tu kwamba mkufunzi wangu wa kwata alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mitano, na vijana wa kombania yangu walikuwa na 19, 20, wanakimbia kama swala wakati mimi magoti yananiwaka usiku siwezi kukunja mguu. Waliniita babu. Kilichonipa shida hasa ni kukaa kimya. Mtu uliyezoea kuwa na vijana wako watano karakana, unawaelekeza, leo unaambiwa lala chini unalala, inuka unainuka, na anayekuamrisha ulikuwa unamzidi darasa wakati yeye hajaanza. Wapo watu wazima niliowaona wakishindwa hapo hapo, si kwa kukimbia, kwa kushindwa kuwa chini ya mdogo wao. Kama huyo fundi bomba anasoma hii, ajipime kwanza hapo kabla hata ya kupima mbio.

Sasa nieleze kisa kimoja kwa kirefu kwa sababu ndo jibu langu lote kwa yule msomaji.

Nilikuwa koplo, mwaka wa nne kazini. Mafuriko yakachukua daraja la barabara na tukatumwa kuweka daraja la chuma la vipande, lile la aina ya Bailey. Wasiolijua, hili daraja lilibuniwa na Mwingereza Donald Bailey wakati wa vita vya pili vya dunia, na yeye hakuwa hata askari, alikuwa mtumishi raia kwenye wizara yao ya vita. Uzuri wake ni kwamba limekatwa vipande vinavyobebeka na binadamu. Paneli moja ina urefu wa futi 10, yaani kama mita 3, na uzito wa kilo 260 hivi, watu sita wanaiinua kwa miti ya kubebea, hakuna kreni. Unaziunganisha kwa pini, unajenga ng'ambo moja tu ya mto, unalisukuma lote juu ya rola mpaka liguse ng'ambo ya pili. Mbele unaweka pua, ni sehemu nyepesi ya kutangulia, ili uzito mkubwa ubaki nyuma ya rola mpaka pua ikanyage upande wa pili. Ukikosea hesabu ya pua daraja linainama na kuingia mtoni na watu wako.

Nafasi yetu ilihitaji daraja la mita 30, kwa hiyo paneli 40 za daraja lenyewe na 12 za pua. Zikashushwa kutoka stoo, zimepakwa rangi mpya ya kijani, zinang'aa. Kila mtu akazifurahia. Mimi sikuzifurahia, maana karakana nilishajifunza kwamba chuma cha zamani chenye rangi mpya ndo cha kukitazama mara mbili. Zile paneli zilikuwa zimeshatumika mara nyingi, zimefunguliwa, zimerushwa kwenye malori, zimefungwa tena. Nikaanza kuzikagua pale kwenye ncha za chini, panapochomelewa jicho la pini, kwa sababu daraja likishakaa juu ya mto na mzigo ukapita katikati, chuma cha juu kinabanwa ila cha chini kinavutwa, na ufa mdogo kwenye chuma kinachovutwa haukai mdogo.

Nikaona kwenye paneli moja rangi imepasuka kama unywele. Nikamwambia sajini wangu, akasema ni rangi tu. Inawezekana kweli ni rangi. Kwa hiyo nikafanya tulivyokuwa tunafanya karakana kwenye chasisi za malori, nikakwangua rangi mpaka chuma kikaonekana, nikapaka mafuta ya taa, nikayaacha yalowe, nikafuta mpaka pakauka, halafu nikapaka unga wa chaki. Ukisubiri kidogo, kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Na ule mstari ukachorwa pale mbele ya macho yetu, urefu wa kidole kizima.

Kiongozi mmoja aliyekuwepo, simtaji, akaniambia koplo kazi yake ni kubeba, kufikiri kuna wenyewe. Nilinyamaza. Ila luteni wetu, kijana wa miaka 24 mwenye digrii ya uhandisi, alikuwa anapita akasikia. Akauliza umejuaje? Nikamwonyesha. Akapiga magoti kwenye tope na tochi yake, akaangalia ule mstari, akaniambia rudia kwenye nyingine nione. Tukarudia zote 52. Usiku kucha, yeye na mimi na vijana wanne, tunakwangua, tunapaka, tunafuta. Saba zilikuwa na nyufa. Saba! Nne kati yake zilikuwa zimepangwa kuingia katikati ya daraja kabisa. Tukachelewa siku nzima na nusu kusubiri za kubadilisha na luteni akasemwa sana kwa kuchelewa huko, nami najua alisemwa maana nilikuwa nimesimama mita chache. Hakunitupia mimi lawama. Kwenye ripoti yake akaandika jina langu na namba yangu na njia niliyotumia.

Sasa nimuulize yule msomaji, hiyo kazi ya usiku ule nilijifunzia wapi? Sikujifunzia depo, na kwenye kozi ya madaraja pia haikuwepo. Nilijifunzia karakana, kwenye ile miaka tisa ambayo kwake yeye ni kama imepotea tu. Na luteni naye asingekuwepo na elimu yake mimi nisingesikilizwa na hesabu ya kupanga upya zile paneli isingefanyika, hivyo sisemi kwamba shule haina kazi. Uhandisi wa jeshi unahitaji wote wawili, aliyetoka darasani na aliyetoka karakana.

Na hili halikuanza na mimi. Vita vya kwanza vya dunia Waingereza walipoanza kupigana na Wajerumani chini ya ardhi, wanachimba mahandaki kwenda kulipua mistari ya adui, walienda kuchukua wachimba makaa ya mawe na wachimba mifereji ya maji machafu, wakiwemo watu wazima ambao vikosi vingine havikuwataka. Yupo mmoja wa rekodi za wazi kabisa, William Hackett, mchimba makaa aliyezaliwa 1873. Alikataliwa mara tatu na kikosi cha miguu kwa sababu ya umri, akaja kupokelewa 1915 na wahandisi akiwa ameshapita miaka 40. Juni 1916 handaki lao likaanguka karibu na Givenchy kule Ufaransa, wakafukiwa watano, akasaidia watatu kutoka kwenye tundu lililochimbwa na waokoaji, yeye akagoma kutoka kwa sababu wa mwisho alikuwa ameumia na hawezi kupita. Wakafia humo wote wawili na bado wamo. Alipewa Msalaba wa Victoria baada ya kufa. Na mwaka mmoja baadaye, tarehe 7 Juni 1917, kazi ya watu wa aina yake ndo ililipua mashimo 19 pale Messines, Ubelgiji, karibu kwa wakati mmoja.

Wamarekani nao 1942 walipoanzisha vikosi vya ujenzi vya jeshi lao la majini, wale wanaoitwa Seabees, walitafuta maseremala, mafundi bomba, mafundi umeme, madereva wa mitambo, watu waliokwisha iva kazini, na wastani wa umri wao mwanzoni ulikuwa miaka 37. Thelathini na saba jamani! Wengi walipewa vyeo palepale mlangoni kulingana na ujuzi wao. Hilo la vyeo mlangoni mimi siliafiki kwa jeshi la wakati wa amani, vita ilikuwa inawasukuma na hawakuwa na muda. Fundi aanze kuruta, alale chini, abebe, ajue askari wa kawaida anachoka vipi, ndo apande. Mimi nisingepitia yale sidhani kama ningekuja kuwa ofisa anayefaa.

Nije kwenye uofisa maana ndo yule msomaji alipokazania. Ni kweli njia ni nyembamba, siwezi kumdanganya kijana. Kwangu haikuja kwa ile ripoti peke yake. Nilipata usajini nikiwa na 36, mkuu wa kikosi akaniita akaniambia ukitaka kufikiriwa kamisheni, yaani kupandishwa kuwa ofisa, hesabu zako hazitoshi, cheti chako ni cha ufundi. Nikarudi kusoma. Nilikuwa na koplo mmoja chini yangu kijana mwepesi sana wa hesabu, mchana mimi namwamrisha, jioni yeye ananifundisha, na kwenye hiyo saa moja na nusu ya jioni alikuwa mwalimu wangu kwelikweli, akinikuta nimekosea ananifutia naanza upya. Miaka miwili na kitu.

Kuna siku hata leo naikumbuka. Tulikuwa kwenye mhimili uliokaa juu ya nguzo mbili, unatafuta nguvu ya kuupinda, fomula ni uzito wa kila mita mara mraba wa urefu gawanya kwa 8. Nikaitazama ile mraba nikaelewa kitu nilichokuwa nakijua kwa mikono tangu nikiwa na miaka 20, kwamba ukirefusha mhimili mara mbili, na kila mita ina mzigo ule ule, kupindwa hakuji mara mbili, kunakuja mara nne. Karakana tulikuwa tunajua tu kwamba ukirefusha lazima uongeze chuma, na uongeze sana, bosi wangu wa zamani alikuwa anakadiria kwa jicho na mara nyingi anapatia. Sasa nikawa najua kwa nini. Nilitoka nje nikatembea peke yangu.

Mbele ya bodi ya kuwachagua maofisa waliniuliza mambo ya baruti, ya maji, ya uongozi, nikajibu. Halafu mmoja akauliza, kwa umri huu ukipewa kamisheni utalitumikia jeshi miaka mingapi? Nikamwambia kumi na nne, afande. Sikuongeza neno. Ilikuwa hesabu ya kweli na bodi ilikuwa na haki ya kuuliza, maana kumfundisha ofisa ni gharama na jeshi lazima lijue litapata nini. Nikatunukiwa luteni usu nikiwa na 41, nyota moja begani, pembeni yangu wamesimama vijana ambao ningeweza kuwa baba yao.

Kitu ambacho hakuna aliyeniandaa nacho ni upweke. Jana yake ulikuwa sajini, mnakaa wote, mnaambiana ya nyumbani, leo rafiki yako wa miaka kumi anakupigia saluti na kukuita afande na anamaanisha, na wewe huwezi kwenda tena kukaa mesi yao kama zamani. Anayepanda kutoka chini lazima alipitie hilo. Wapo waliojaribu kubaki sajini ndani ya sare ya ofisa, na kikosi chao kikawa hakina sajini wala ofisa.

Mimi mwenyewe nusura niwe mmoja wao. Miezi ya kwanza tunaweka daraja lingine, naona kijana anahangaika na bolti, nikamnyang'anya spana nikafunga mwenyewe, nikahamia inayofuata, na inayofuata. Mikono ilikuwa inafurahi. Sajini wangu, mtu niliyeanza naye, akaja akasimama karibu akasema kwa sauti ya chini wengine wasisikie, "Afande, ukishika wewe spana, nani anaangalia ng'ambo?" Nikainua macho. Ng'ambo ya pili watu walikuwa wanapanga mbao za msingi juu ya udongo uliojazwa wiki ile, laini, ambao usingebeba chochote. Nikaweka spana chini na sikuishika tena kwenye daraja mpaka nastaafu. Nilimshukuru yule sajini siku ile na nimemshukuru mara nyingi baadaye.

Kwa nini basi nang'ang'ania kwamba ofisa aliyetoka chini ana faida yake? Nitoe mfano wa Jenerali Eblé wa Ufaransa, aliyeanza kama mpiga mizinga wa kawaida mpaka akawa jenerali. Mwaka 1812 jeshi la Napoleon likirudi kutoka Urusi, ikatolewa amri vyombo vya madaraja vichomwe ili farasi wapungue mizigo. Eblé akabakiza magari machache, karakana ndogo za uhunzi, makaa, misumari, zana. Siku chache baadaye wakafika mto Berezina, barafu haijashika vizuri, adui yuko nyuma, daraja hamna. Kwa hizo zana wakabomoa nyumba za mbao za kijiji cha Studienka, wakajenga madaraja mawili, watu wake wamesimama ndani ya maji yenye vipande vya barafu na yeye mwenye miaka 53 yuko nao hapo hapo. Jeshi likavuka. Wengi wa wale wajenzi walikufa na Eblé mwenyewe hakumaliza mwaka ule. Mimi nikikisoma kisa hiki nawaza lile gari la misumari. Mtu ambaye hajawahi kukosa msumari siku anauhitaji angeliacha lichomwe.

Na kwenye mabomu ya kutegwa ardhini ndo utu uzima ulinisaidia kuliko popote. Pale unapiga magoti, unachokonoa udongo kwa pembe ya mlalo, nyuzi 30 hivi, ili ukiguse bomu ubavuni usilikanyage kichwani, sentimeta kwa sentimeta, njia ya upana wa mita moja, na jua linakuchoma. Vijana hodari wa kukimbia walikuwa wanashindwa kwa sababu baada ya saa moja akili inaanza kuharakisha. Nilikuwa nawatoa dakika zao zikiisha hata kama wanasema hawajachoka. Na yeyote aliyenibishia nilimwambia akapumzike mara mbili.

Ninachowaomba wanaopanga masharti ya kuandikisha, kama wanasoma gazeti hili, ni kwamba kwa upande wa uhandisi ukomo wa umri usogezwe kwa mwenye cheti na miaka ya kazi inayothibitika, afya ipimwe kwa ukali ule ule, mbio zikimbiwe zile zile, asipewe upendeleo depo. Ukomo usiondolewe kabisa, hapana, nimeona mtu mzima akivunjika mfupa kwa sababu alitaka kuwaonyesha vijana. Na mlango wa kamisheni kwa maofisa wateule na masajini wa ufundi uwekewe kozi ya hesabu ya kueleweka, mtu asitegemee bahati ya kupata koplo anayejua kufundisha kama nilivyopata mimi.

Kwako fundi bomba. Hutakuwa jenerali, miaka haitatosha, na pensheni yako itahesabiwa kwa miaka michache kuliko ya wenzako, hayo yajue kabla hujasaini. Ila kikosi kikifika mahali ambapo watu mia nane hawana maji ya kunywa na pampu imekufa, watakutafuta wewe. Cheti chako kitolee nakala zilizothibitishwa, barua za uliowafanyia kazi ziwe na tarehe, na anza kukimbia kesho asubuhi, taratibu, kilomita mbili tu kwa wiki mbili za mwanzo, ulinde magoti. Hesabu za pembetatu zianze sasa hivi, usisubiri usajini kama mimi. Na ukiitwa babu depo itika tu, wiki ya nane ndo hao hao watakuja kukuuliza jinsi ya kufunga vitu.

Wako,
Meja mstaafu, uhandisi wa medani